Kidole cha Kamanda

Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umebanwa kati ya kibanda cha Kinyozi na cherehani ya Mama Pindo, na unatazamana na lango la zahanati ya watoto. Ubao wenyewe una tabia yake: aliyekaa pembeni akinyanyuka ghafla, wa pembe ya pili anajikuta chini na kikombe chake. Ndiyo maana watu wa hapo ni waungwana wa kuaga, hata siku waliyonuniana. Saa saba mchana zahanati hufunga kwa mapumziko, hufungua saa nane, na saa hiyo moja ya katikati ni mali ya benchi. Muuza kahawa, ambaye wote humwita Birika, huweka chombo chake juu ya jiko, hupanga vikombe, kisha hunyamaza. Wenzake hawamlazimishi kusema. Wao wana maneno, yeye ana kahawa, na biashara inakwenda.

Siku hiyo maneno yalikuwa ya Kamanda. Alikuwa amekaa pembeni kabisa, fomu gotini, kalamu sikioni, na mkono wa kulia ameshika chupa ya kupulizia maji, ile ya Kinyozi ya kulowesha vichwa. Kamanda ni mlinzi wa lango la zahanati. Cheo hicho alipewa kwa utani, kwa sababu hajawahi kumfokea hata paka, na jeshi lake lote ni watoto wachanga. Mama anafika langoni ana mtoto, mkoba, mwavuli, na kadi ya kliniki iliyozama chini kabisa ya mkoba. Mikono ni miwili tu. Basi anamwambia, "Nishikie," na Kamanda anapokea. Miaka kumi na moja anapokea. Wamemkojolea, wamemcheulia begani, wamemng'oa vifungo vya sare mpaka Mama Pindo amechoka kuvirudishia. Anaipenda kazi hiyo kuliko anavyothubutu kusema mbele ya wanaume.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa mashakani. Mwezi uliopita wezi walivamia zahanati ya mtaa wa pili wakabeba jokofu la chanjo, na kampuni ya ulinzi ikaamua kwamba kila mlinzi wa lango atabeba bastola. Asiyetaka atahamishiwa ghala la saruji, akalinde mifuko. Juzi waliitwa ofisini, mkufunzi akawawekea mezani bastola tatu, zote tupu, kila mtu akaruhusiwa kuvuta triga, yaani kifyatulio, ya kila moja mara tatu, akapewa fomu ya kuchagua. Fomu kwanza, mafunzo wiki ijayo. Msimamizi angepita na pikipiki saa nane kamili kuichukua.

— Soma tena, taratibu, alisema Klachi. Sikuelewa ile ya katikati.

Klachi ni dereva wa lori aliyestaafu. Jina hilo alilipata kwa klachi nne alizoziunguza, maana miaka yote ishirini na miwili mguu wake wa kushoto ulikuwa haubanduki kwenye pedali. Mwenyewe hajutii. Anasema dereva lazima awe tayari.

Kamanda akasoma.

— Ya kwanza haina nyundo ya kugonga risasi kwa nje. Katikati ya triga kuna kijiulimi. Usipokibonyeza na chenyewe, haiendi. Ukivuta, kila mara ni uzito uleule, kilo mbili na nusu. Ya pili ina nyundo. Mvuto wa kwanza ni mrefu, mzito, kilo tano, kwa sababu hiyohiyo triga ndiyo inayoinua nyundo. Ikishalia mara moja, nyundo inabaki juu, na kuanzia hapo mvuto ni mfupi, kilo mbili. Ya tatu, nyundo unaiacha juu tangu mwanzo, ila umeifunga kwa kikomeo cha kidole gumba. Ukifungua, mvuto ni mfupi sana. Haufiki hata kilo mbili.

— Ya pili, alisema Klachi, kabla hata hajamaliza.

— Kwa nini?

— Hilo ni lori, ndugu yangu! Unaanza na gia nzito, unasukuma mzigo, likishachanganya linateleza lenyewe. Chombo chochote chenye akili kinaanza kizito. Hiyo nyingine inayoanza nyepesi ni pikipiki, na wewe una familia.

— Achana na huyu, alisema Kinyozi, akitoka kibandani na taulo begani. Lori lake lilikuwa linaanza zito kwa sababu klachi imekwisha. Kamanda, sikiliza mtu anayefanya kazi kwa kidole. Mimi napulizia vichwa arobaini kwa siku. Unajua siri yake? Mvuto uwe mmoja. Wa asubuhi, wa mchana, wa jioni, uleule. Siku chupa inakuwa ngumu mara ya kwanza halafu laini mara ya pili, mteja wangu wa kwanza anabaki mkavu na wa pili anaoga. Chagua ya kwanza. Ile ya kijiulimi.

— Kijiulimi kile kinanitisha, Kamanda alikiri. Ndicho kikomeo chake, nacho kiko palepale kidole kinapovutia. Sasa kinamzuia nani?

— Kinamzuia asiyeweka kidole.

— Asiyeweka kidole si tayari amezuiwa?

Kinyozi akachukua kikombe. Birika akammiminia.

Mama Pindo alikuwa anapinda suruali ya mtu, sindano tatu mdomoni, na hakuna aliyewahi kuelewa anavyoweza kugombana nazo zikiwa humo. Alizitema kiganjani ili agombane vizuri.

— Nyinyi wanaume mnanishangaza. Ya tatu ina kikomeo, tena cha kuonekana, tena cha kufungua kwa hiari yako. Na bado mnabishana? Mlinzi atembee na kitu kilicho wazi kiunoni? Mimi siwezi kumtoa mteja hapa na suruali isiyo na zipu.

— Na siku ya haraka zipu ikikwama? akauliza Klachi.

— Yako imekwama mara ngapi, na nani alikutoa?

Benchi likacheka mpaka ubao ukatikisika, na Klachi akalishika kwa mikono miwili. Kamanda naye akacheka, lakini kwa mdomo tu. Alitazama saa ya ukutani kibandani. Saa saba na dakika ishirini na tano. Visanduku vitatu kwenye fomu vilikuwa vitupu, na kila mara aliposogeza kalamu aliona ghala la saruji upande mmoja, na upande mwingine aliona kitu ambacho hakukitaja kwa sauti. Aliogopa. Hakumwogopa mwizi. Aliogopa kubeba kile kitu mahali palepale anapobebea watoto.

— Tatizo lenu, alisema Kinyozi, ni kuongelea kilo hewani. Kilo tano ni nini? Nani amezishika kwa kidole? Tupime.

Akaingia ndani akatoka na dumu la maji la lita tano, limejaa hadi shingoni.

— Lita tano, kilo tano. Hii ndiyo bastola ya Klachi. Kamanda, weka chupa chini, toa kidole.

Kamanda akatoa kidole cha shahada. Dumu likaning'inizwa. Kidole kikainama, bega likafuata kidole, na Kamanda mwenyewe nusura alifuate bega.

— Sasa vuta kama unamlenga mtu! aliamuru Klachi.

— Nitamlenga nani? Nalenga kiatu changu!

— Umeona? alisema Kinyozi. Kwa bastola ya lori, mwizi yuko mbele na wewe unapiga viatu.

Akamwaga nusu ya maji kwenye mtaro, akaliningʼiniza tena. Kilo mbili na nusu. Kidole kilitetemeka kidogo, kikatulia.

— Hiyo ndiyo yangu. Inabebeka. Mama Pindo, njoo uone.

— Nimeona. Na punguza tena kidogo, ndiyo yangu, inabebeka zaidi.

— Lakini kuna kitu mnakisahau, alisema Klachi, ambaye ameshindwa mara nyingi maishani lakini hajawahi kukubali. Ule urefu. Mvuto mrefu ni muda. Kamanda anavuta, nyundo inapanda, mwizi anaiona inapanda. Anapata nafasi ya kufikiri. Anamkumbuka mama yake. Anaomba radhi. Kamanda anaachia, nyundo inashuka, wote wanakwenda nyumbani.

— Inachukua muda gani huo mvuto? akauliza Kinyozi.

— Nusu ya sekunde.

— Na ndani ya hiyo nusu amemkumbuka mama na kuomba radhi?

— Inategemea amelelewa vipi.

— Basi kama ni hivyo, alisema Mama Pindo, ifanywe kilo ishirini. Wavute wawili. Kamanda ashike kwa mbele na mganga mkuu kwa nyuma, halafu iwekwe na sahihi.

— Na mashahidi, aliongeza Kinyozi. Kama ndoa. Triga isivutike mpaka wajomba wa mwizi wafike.

— Wajomba wakichelewa? akauliza Klachi.

— Mwizi apewe kahawa asubiri.

Birika, kusikia kahawa, akatikisa chombo chake. Kilikuwa kimebaki na kahawa kidogo, na alikiinamisha kila mtu aone.

Kamanda alicheka safari hii hadi machozi. Aliwatazama watu hawa, mmoja na taulo, mmoja na sindano, mmoja na mguu wa kushoto usiotulia hata akiwa amekaa, ukipiga pedali isiyokuwepo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika bastola. Lakini tangu juzi hawakuwa wamezungumzia kitu kingine. Mama Pindo alikuwa amemshonea mkanda mpya bila kuombwa. Kinyozi alikuwa amempa chupa yake nzuri ili azoeze kidole, mvuto mia mbili kwa siku, na yeye mwenyewe akabaki kulowesha vichwa kwa kikombe. Kamanda aliwapenda, na aliona aibu kwamba bado hajui.

— Hebu waonyeshe mazoezi, alisema Kinyozi. Waone kazi yangu. Kamata!

Akaiokota chupa, akamrushia. Kamanda akaidaka kwa mkono wa kulia, na kabla haijatulia kiganjani, kidole kilikuwa kimeshakaa kwenye triga yake.

— Mmeona? Kinyozi alipiga makofi. Kidole kinakwenda chenyewe! Siku tatu tu! Hapo hata alale, ukimpa, kinajua kwao.

— Hilo nakubali, alisema Klachi. Huko ndiko kuwa tayari.

— Mimi pia mkasi wangu hivyohivyo, alisema Mama Pindo. Ukinikuta nimesinzia, vidole vimo.

Kamanda akajisikia vizuri kidogo. Angalau jambo moja alikuwa amelijua. Akavuta hewani mara mbili, maji yakaruka kama ukungu, akarudisha mkono gotini, chupa imo, kidole kimo. Saa nane kasorobo. Akachukua kalamu sikioni kwa mkono wa kushoto.

— Samahani jamani. Hapa ndipo wanapopima watoto?

Alikuwa mama kijana, mgeni kabisa mtaani, ana mtoto wa miezi kama mitano kifuani, mkoba begani, mfuko wa nepi mkononi, na kiatu kimoja kimefunguka kamba.

— Hapahapa, alisema Mama Pindo. Wanafungua saa nane. Andaa kadi.

Yule mama akatazama mkoba wake, akatazama mikono yake, akatazama sare ya Kamanda.

— Kaka, nishikie.

Neno hilo Kamanda halijibu kwa mdomo. Kwa miaka kumi na moja analijibu kwa miguu. Kalamu ikaanguka, fomu ikaanguka, akanyanyuka palepale, akanyoosha mkono wa kushoto na kumpokea mtoto. Hakuaga. Ubao ukaruka juu upande wake na kushuka upande wa pili, na Klachi akaenda chini na kikombe, akapiga yowe ambalo halijasikika tangu lori lake lilipokatika breki.

Kamanda akashtuka. Mkono wa kushoto ukambana mtoto asianguke. Na mkono wa kulia, ambao haukuombwa chochote, ukabana nao.

Maji yote yakampata mtoto usoni.

Mtoto akapepesa macho. Akapiga chafya. Akamtazama Kamanda kwa mshangao mkubwa, tone moja likining'inia kwenye pua, kisha akacheka na kuidaka chupa kwa mikono miwili, akiomba tena.

Benchi likavunjika mbavu. Klachi alicheka akiwa bado chini. Kinyozi alijifunika uso kwa taulo. Mama Pindo alisema, "Amebatizwa," akashindwa kuendelea. Hata yule mama alicheka, akamfuta mtoto kwa ncha ya mtandio wake.

Kamanda peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na mtoto mkono mmoja, chupa mkono mwingine, na rangi imemtoka. Alikitazama kidole chake. Kilikuwa bado pale. Hakukumbuka kukivuta. Alijaribu kukumbuka, kwa kweli alijaribu, akaona hakuna cha kukumbuka.

— Kaka, pole, ni maji tu, alisema yule mama. Mbona umekuwa hivyo?

— Ana jambo, alisema Kinyozi, akifuta machozi. Saa nane anachagua bastola. Hapo tunamsaidia. Kuna triga tatu, kuna nyepesi, kuna nzito, kuna yenye kikomeo...

— Nzito mwanzo, nyepesi baadaye, alisema Klachi akijikung'uta vumbi.

— Na hiyo chupa ndiyo ya mazoezi? akauliza mama.

— Ndiyo hiyo. Mvuto mia mbili kwa siku. Umeona kidole kilivyo chepesi?

— Nimeona.

Yule mama akaokota fomu chini, akaipuliza vumbi, akaisoma juu juu. Kisha akauliza, si kwa kejeli, kama mtu anayeuliza njia:

— Sasa wakati humpigi mtu, kidole kinakaa wapi?

Kinyozi akaanza kujibu. Akanyanyua mkono kuonyesha, na mkono ukajikunja wenyewe kwa umbo la chupa, kidole mbele kimeshavuta. Akautazama, akauficha ndani ya taulo. Mama Pindo akatazama mkasi uliokuwa mapajani mwake: vidole vimo. Akavitoa kimoja kimoja. Klachi akasema, "Mimi naona..." halafu mguu wake wa kushoto ukapiga pedali pale vumbini, kila mtu akauona, na yeye akauona. Klachi nne zikapita machoni pake.

— Kijiulimi hakijibu hilo? akauliza Kinyozi kwa sauti ndogo.

— Kidole kikiwa juu yake, hapana, alisema Kamanda.

— Na kikomeo?

— Nitakuwa nimeshakifungua, alisema. Mambo yakiwa ya haraka nitakuwa nimeshakifungua. Na mtoto atakuwa mkononi.

— Na ile nzito je? alisema Klachi, lakini hakusema kwa kushindana. Kilo tano, Kamanda. Hazivutwi kwa bahati mbaya.

— Umeona ulivyonishtua? Nilibana kiasi gani mimi? Sijui. Labda tano. Labda kumi.

Birika akageuza chombo juu chini juu ya kikombe cha mwisho. Yakatoka matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Kule mwisho wa mtaa pikipiki ikasikika. Kamanda akamrudishia mama mtoto wake, akapokea fomu, akaweka chupa ubaoni, akaokota kalamu, akaketi na kuiweka fomu gotini. Hakugusa visanduku vitatu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja mtupu ulioandikwa Maoni, na pale akaandika polepole, kwa herufi kubwa ili msimamizi asiseme hakusoma: NIFUNDISHENI KWANZA KIDOLE KINAKAA WAPI. NDIPO NITACHAGUA.

— Watakupeleka kwenye saruji, alisema Mama Pindo, na sauti yake ikakatika kidogo.

— Huenda.

— Na hawa watoto?

Kamanda akarudisha kalamu sikioni. Lango la zahanati likafunguliwa kwa ndani, na yule mama alikuwa bado hajaipata kadi. Mkono wake mmoja ulikuwa umezama kwenye mkoba hadi kiwiko. Akageuka akamtazama mtu aliyemlowesha mwanawe dakika chache zilizopita.

— Kaka, nishikie tena.

Kamanda akaichukua chupa, akaiweka chini kabisa, mbali, nyuma ya dumu. Akafuta viganja vyote viwili kwenye suruali. Kisha akageukia wenzake.

— Jamani, alisema, nanyanyuka.

Na wote wakaushika ubao.